Filamu, Betrayal, Dread au Call of Cthulhu? Jinsi ya kuchagua usiku wa kutisha

Mpenzi wa filamu za kutisha akishazizoea hufika mahali anajua mlango utafunguka lini. Muziki unanyamaza, kamera inasogea polepole, na yeye ameshajiandaa kushtuka. Wengi wakifika hapo huanza kuulizia michezo ya mezani, na papo hapo wanakwama, kwa sababu jina "mchezo wa kutisha" limebeba vitu visivyofanana hata kidogo: boksi la vigae na kadi, mnara wa vipande vya mbao, kitabu cha kanuni chenye kurasa zaidi ya 400. Na filamu nayo haijapitwa. Kuna usiku ambao ndiyo chaguo bora kuliko yote.

Hapa zinalinganishwa njia nne: filamu nyumbani, Betrayal at House on the Hill (lile boksi la vigae na kadi), Dread (ule mnara) na Call of Cthulhu (kile kitabu). Mwishoni kuna neno fupi kuhusu ya tano.

Vigezo

Kigezo kinachotenganisha zaidi si bei, ni hili: nani ameishika hofu? Kwenye filamu ameishika mwongozaji. Kwenye Betrayal imo ndani ya boksi. Kwenye Dread iko kwenye vidole vyako mwenyewe, na kwenye Call of Cthulhu iko mdomoni mwa msimulizi, yule anayeongoza hadithi huku kila mchezaji akiwa mhusika mmoja ndani yake. Ukijua unapenda kutishwa na nani, nusu ya uamuzi umeshafanyika.

Vinavyofuata ni vya kawaida: watu wangapi na muda gani, vifaa na maandalizi, na mahali mambo yanapoharibika. Lugha pia inahesabika. Michezo yote mitatu imechapishwa kwa Kiingereza, lakini uzito wake haulingani. Betrayal inamtaka kila mchezaji asome kadi. Dread na Call of Cthulhu humtaka msimulizi peke yake asome kabla, kisha meza nzima inaongea Kiswahili tangu mwanzo hadi mwisho. Hofu inayosimuliwa kwa lugha ya nyumbani huingia ndani zaidi, na watu wengi hawaliwazii hilo wanapochagua.

Filamu nyumbani

*Watu na muda.* Kuanzia mtu mmoja hadi sebule ijae. Dakika 90 hadi 120, na kila mtu anajua saa ya kuondoka. Ni njia pekee kati ya hizi ambayo mgeni akichelewa au akisinzia hawaharibii wenzake.

*Vifaa na maandalizi.* Hofu ya filamu iko kwenye sauti kuliko kwenye picha. Spika ndogo zilizofichwa nyuma ya runinga bapa hazitoi besi ya maana, na ndani ya besi ndimo hukaa ule mngurumo unaobana kifua kabla ya tukio. Spika ya nje yenye besi, hata ya bei ya kawaida, itakusaidia kuliko kuongeza inchi za kioo. Ingia kwenye mipangilio ya runinga uzime vitu viwili: ulainishaji wa mwendo, unaoifanya filamu ionekane kama tamthilia ya mchana, na hali ya usiku ya sauti, inayopunguza tofauti kati ya mnong'ono na kishindo. Tofauti hiyo ndiyo uliyoilipia.

Ukitazama kwa intaneti, picha ya HD inaweza kula hadi GB 3 kwa saa. Mtandao ukizidiwa, programu hushusha ubora, na madhara huanzia gizani: weusi unakatikakatika kuwa vimraba na aliyejificha kwenye kona haonekani kabisa. Pakua filamu mapema. Zima taa zote, ila acha moja ndogo nyuma ya runinga ili macho yasichoke.

*Hofu inakotoka.* Imepangwa yote kabla hujakaa. Huwezi kumzuia mhusika asishuke kule chini, na silaha yako pekee ni kufumba macho. Unyonge huo ndio utamu wenyewe. Mwongozaji mzuri huamua hata muda wa kupumua kwako, jambo ambalo hakuna msimulizi wa mezani anayeliweza kwa uhakika huo.

*Panapoharibika.* Simu, na yule aliyeiona tayari anayesema "subiri sasa hivi". Filamu zilizotiwa maneno na DJ ni raha kwenye mapigano, lakini kwenye za kutisha zinaua kila kitu, maana kazi inafanywa na ukimya na DJ hanyamazi. Umeme ukikatika dakika ya 70, hofu haitarudi ukiwaka.

*Inamfaa* aliye peke yake, wageni wenye mazoea tofauti, na siku ambayo hakuna mwenye nguvu ya kufikiri.

Betrayal at House on the Hill

Ilitolewa na Avalon Hill mwaka 2004. Toleo la tatu lilitoka 2022.

*Watu na muda.* Wachezaji 3 hadi 6, boksi linasema saa moja. Mara ya kwanza weka saa moja na nusu. Kwa watatu inapwaya kidogo, kwa watano inachangamka.

*Vifaa na maandalizi.* Kila kitu kimo kwenye boksi. Unachohitaji ni meza pana, kwa sababu nyumba hujengwa mnavyocheza: anayeingia mlango mpya hufunua kigae cha chumba, na baadhi ya vyumba humpa kadi ya tukio, ya kifaa au ya ishara mbaya. Maelezo ya mwanzo yanatosha dakika kumi. Lugha ndiyo mtihani, kwa sababu kila kadi ina aya ya Kiingereza. Kama wawili au watatu mezani hawakisomi kwa raha, mmoja asome kwa sauti na kutafsiri papo hapo, na mtaongeza kama nusu saa.

*Hofu inakotoka.* Kutoka kwenye kutojua ni filamu gani mmeingia. Kwenye toleo la tatu, kila ishara mbaya inapopatikana mnarusha dadu kwa idadi ya ishara zote zilizokwisha kutoka. Jumla ikifika 5, balaa linaanza. Dadu zake zina 0, 1 na 2 tu, kwa hiyo dadu mbili haziwezi kuzidi 4. Ishara mbili za kwanza ni salama, kuanzia ya tatu mioyo inadunda. Balaa zenyewe, yaani visa vya kutisha vinavyoweza kuwakuta, ni 50, na mara nyingi mmoja wenu anageuka msaliti. Anatoka chumbani na kitabu chake, wengine wanasoma chao, na pande zote mbili hazijui malengo ya mwenzake.

Ukweli ni kwamba haitishi sana. Inafurahisha. Mezani utasikia vicheko kuliko pumzi zilizoshikwa, na mpenzi wa filamu atachekelea kutambua kila kitu alichokiona kwenye filamu za zamani.

*Panapoharibika.* Mizani. Balaa likianza mapema, nyumba bado ni ndogo na upande mmoja unapondwa ndani ya mizunguko mitatu. Hilo ni tabia ya mchezo, halirekebishiki, kwa hiyo mchukulie kushindwa kama sehemu ya hadithi. Tatizo la pili lina dawa: msaliti akiwa mgeni wa mchezo huachwa peke yake na kanuni asizozielewa. Mpeni dakika kumi kamili, na mkubaliane kabla kwamba kanuni yenye utata inaamuliwa kwa kura, si kwa kelele. Mkinunua toleo la pili lililotumika, angalieni vile vibanio vidogo vya plastiki vinavyoonyesha nguvu za mhusika. Hulegea na kuteleza, kwa hiyo andikeni namba kwenye karatasi.

*Inamfaa* kundi linalotaka mchezo wenye mshindi, ambalo hakuna anayejitolea kuwa msimulizi.

Dread

*Watu na muda.* Msimulizi mmoja na wachezaji 3 hadi 6. Saa 3 hadi 4, na hadithi huisha usiku huo huo.

*Vifaa na maandalizi.* Hakuna dadu. Kuna mnara wa Jenga, ule ule ambao Leslie Scott, aliyelelewa Afrika Mashariki na Ghana, aliuzindua London mwaka 1983: vipande 54, tabaka 18 za vipande vitatu vitatu. Mhusika akijaribu jambo lenye hatari, mchezaji anachomoa kipande na kukiweka juu. Mnara ukisimama, amefaulu. Ukianguka, mhusika wake ametoka kwenye hadithi: amekufa, amekimbia, amechukuliwa. Anaweza pia kukataa kuchomoa; hapo jambo lake linashindikana lakini anabaki hai. Na anaweza kuuangusha kwa makusudi, mhusika wake akapotea lakini alichokusudia kikafanikiwa. Kanuni hiyo ya mwisho ndiyo hutoa matukio yanayosimuliwa miezi baadaye.

Huna boksi la Jenga? Fundi seremala anaweza kukukatia. Kipande cha kawaida ni sentimita 1.5 × 2.5 × 7.5, na la kuzingatia ni urefu kuwa mara tatu ya upana, vinginevyo tabaka hazikai mraba. Apige msasa laini, asipake vanishi. Asihangaike kuvifanya vilingane kama pacha, kwa sababu vikilingana kabisa vyote vinabana na hakuna kinachochomoka. Pwani, mbao zikikaa wazi msimu wa unyevunyevu huvimba kidogo na kukwama; zihifadhi kwenye chombo chenye mfuniko.

Kazi kubwa ya msimulizi ni dodoso. Kila mhusika hana namba. Ana maswali kama kumi na mbili ambayo mchezaji anajibu kabla ya kuanza, na swali zuri limeshabeba siri ndani yake. Usiulize "Unaogopa nini?" Uliza "Kwa nini hukuwaambia wenzako ulichokiona kisimani?" au "Ufunguo ulioubeba ni wa mlango gani, na nani anautafuta?" Majibu hayo ndiyo hadithi yako. Jioni moja ya kuandika inatosha.

*Hofu inakotoka.* Kutoka kwenye mwili wako. Mkono unatetemeka kweli, wenzako wanashika pumzi kweli, na hakuna kujifanya. Hakuna njia nyingine kati ya hizi inayofanana nayo kwa hili.

*Panapoharibika.* Kwanza, meza. Meza inayoyumba, kitambaa cha meza, au goti la mtu mrefu vitaua wahusika wasio na hatia. Weka mnara kwenye meza yake peke yake, ngumu, na vinywaji vikae kwingine.

Pili, mwendo. Vipande 12 hadi 15 vya kwanza havimtishi mtu. Msimulizi akiogopa kuwaambia wachomoe, saa mbili zinapita mnara ukiwa mzima na hofu haijaanza. Hakikisha kila mchezaji amechomoa mara mbili au tatu ndani ya nusu saa ya mwanzo, kwa mambo madogo: kufungua dirisha lililokwama, kumtuliza mbwa.

Tatu, anayetoka mapema. Mnara ukianguka saa ya kwanza, mtu huyo atakaa kama mtazamaji kwa saa mbili. Mkabidhi wahusika wengine wa hadithi, au mwachie sauti na taa. Baada ya mnara kujengwa upya, chomoeni kwanza vipande kadhaa kabla hadithi haijaendelea (wengi huchomoa vitatu kwa kila mhusika aliyetoka), la sivyo hofu inarudi sifuri.

Mtu mwenye matatizo ya mikono au macho atakuwa na hali ngumu hapa. Mwenzake anaweza kumchomolea, ila mkubaliane kabla, si mbele ya mnara unaoyumba.

*Inamfaa* mpenzi wa filamu ambazo kundi la vijana linapungua mmoja mmoja, na watu wasiowahi kucheza chochote: kanuni zinaelezwa kwa dakika tano.

Call of Cthulhu

Chaosium ilitoa mchezo huu mwaka 1981, kazi ya Sandy Petersen. Toleo la saba ndilo linalochezwa zaidi sasa.

*Watu na muda.* Msimulizi na wachezaji 2 hadi 5, hata mmoja. Kisa kimoja saa 3 hadi 5; kampeni, yaani hadithi moja ndefu ya mikutano mingi, inaweza kuchukua miezi.

*Vifaa na maandalizi.* Usinunue kitabu kikubwa kwanza. Kanuni fupi za kuanzia zinapakuliwa bure kwenye tovuti ya Chaosium, pamoja na kisa cha nyumba yenye balaa ambacho msimulizi mpya anakimudu. Boksi la wanaoanza lina pia kisa cha kucheza peke yako, njia rahisi kuliko zote ya kujifunza kanuni bila kualika mtu. Dadu zinaweza kuwa za programu ya simu.

Uti wa mchezo ni asilimia. Kama uwezo wako wa kupekua ni 50, rusha dadu za mia (dadu mbili za pande kumi zinazotoa 1 hadi 100): 50 au chini umefaulu, 25 au chini umefaulu vizuri, 10 au chini umefaulu kwa kiwango cha juu. Kanuni hizo huzoeleka ndani ya robo saa. Anayehitaji muda ni msimulizi: asome kisa mara mbili na kuorodhesha kwenye karatasi moja kila dalili, iko wapi, inaelekeza wapi.

*Hofu inakotoka.* Kutoka kwenye kujua zaidi ya inavyopasa. Kila mhusika ana akiba ya utimamu wa akili, na kila kitu kibaya anachokiona kinaimega. Akipoteza pointi 5 au zaidi kwa mkupuo anarusha dadu dhidi ya werevu wake, na hapa ndipo mchezo unapoonyesha ujanja wake: akifaulu, ameelewa alichokiona, na kuelewa huko ndiko kunakomtia wazimu wa muda. Akishindwa, akili imekizika na amepona kwa sasa. Mwerevu ndiye anayeumia.

Silaha hazisaidii sana. Risasi moja inaweza kummaliza mhusika wa kawaida, na viumbe wengi hawajali risasi. Anayekuja na mazoea ya michezo ya mapanga na hazina anahitaji kuambiwa hili mapema.

*Panapoharibika.* Kosa maarufu ni uchunguzi kukwama: wachezaji wanashindwa kurusha vizuri, barua haionekani, hadithi inasimama. Dawa ni moja. Dalili ambayo bila hiyo kisa hakiendelei haipaswi kutegemea dadu, wape. Dadu ziamue inawagharimu nini: muda, kelele, au mtu aliyewaona. La pili ni msimulizi kumtaja kiumbe kwa jina na umbo kamili. Toa harufu, unyevu ukutani, sauti isiyolingana na chumba, kisha nyamaza.

Ulimwengu wake umetoka kwenye hadithi za H. P. Lovecraft, aliyefariki 1937, ambazo ndani yake mna ubaguzi wa rangi wa waziwazi. Visa vya siku hizi vimeusafisha kwa kiasi kikubwa, ila vya zamani visome kabla. Kampeni mashuhuri ya Masks of Nyarlathotep, iliyotoka mara ya kwanza 1984, ina sura nzima ndani ya Kenya ya ukoloni. Meza ya Waswahili itakuwa na mengi ya kuisahihisha, na kusahihisha huko ni nusu ya raha.

*Inamfaa* anayependa filamu za polepole zenye upelelezi, na kundi linaloweza kukutana tena.

Na ile ya tano

Ten Candles ya Stephen Dewey, iliyotoka 2015, huchezwa gizani kwa mishumaa kumi midogo na dadu kumi za kawaida. Wachezaji wanajua tangu mwanzo kwamba wahusika wote watakufa. Mshumaa ukizimika, kwa kanuni au kwa bahati mbaya, hauwashwi tena. Kwa hiyo hakuna feni wala pangaboi, na kukaa Dar au Mombasa mwezi wa pili kwa muda wa saa tatu bila upepo si mchezo. Kadi za wahusika huchomwa moto wakati wa kucheza, hivyo andaa bakuli la udongo au chuma na ndoo ya maji. Usiku ambao umeme umekatika tayari, hii ndiyo ya kutoa kabatini.

Kabla ya kuzima taa

Filamu unaweza kuisimamisha. Meza ya wasimulizi inahitaji makubaliano. Waulize wachezaji, mmoja mmoja kwa ujumbe, ni jambo gani hawataki liguswe: watoto kuumia, ubakaji, wagonjwa. Kwetu ongeza majini na uchawi, kwa sababu kwa wengi hayo si hadithi. Popobawa, kwa mfano, ana mvuto wote wa kisa kizuri, lakini 1995 Pemba na Unguja watu walilala nje kwa makundi kwa kumhofia, na anachodaiwa kufanya ni kuwanajisi watu. Pengine mezani kwako yupo ambaye familia yake ilikuwamo. Uliza kwanza.

Kulingana na hali yako

Peke yako na usiku mmoja: filamu, ukishapakua. Peke yako na mwisho wa wiki mzima: kisa cha mtu mmoja kwenye boksi la Call of Cthulhu.

Wawili: filamu, au Call of Cthulhu ya msimulizi na mchezaji mmoja, ambayo hutisha kuliko ya wengi kwa sababu hakuna wa kumtupia macho. Dread kwa wawili mnara haufiki kuyumba.

Watano wasiowahi kucheza, saa moja na nusu tu: Betrayal, mradi karibu wote wasome Kiingereza vizuri. Watano hao hao wakiwa na usiku mzima: Dread.

Zaidi ya saba: filamu, au mgawanyike meza mbili. Usiwarundike wanane kwenye mnara mmoja, zamu zinachukua muda mrefu mno na hofu inapoa.

Kundi linalokutana kila wiki mbili: Call of Cthulhu, lakini anzeni na kisa kifupi. Kama wanaofika mkutano wa pili ni watatu kati ya watano, kampeni iahirisheni.

Watu wenye ladha zinazogombana, mmoja anataka kutishwa na mwingine kucheka: wekeni filamu fupi ya dakika 80 kwanza, mle, kisha Betrayal. Usiipange kinyume chake. Wakishaanza kucheka na msaliti, filamu haitamtisha mtu.

Bajeti sifuri: kanuni fupi za bure za Call of Cthulhu, dadu za simu, na msimulizi aliyesoma mara mbili.